Shemeji ananijazia ritani za kodi, na sasa benki inauliza faida yangu iko wapi

Mshauri wetu, salamu.

Mimi ni mama wa watoto watatu na kazi yangu ni mapazia. Napima madirisha, nashona, naenda kufunga. Nilianza na cherehani moja ya miguu sebuleni. Leo nina karakana ya kupanga, vyerehani vinne vya umeme na mafundi watatu ambao nawalipa mkononi kila Jumamosi. Wateja wangu wakubwa ni maofisi na nyumba za wageni. Hao hulipa kupitia benki, na kila wakinilipa hukata asilimia kidogo wakisema ni ya kodi, halafu wananipa karatasi. Wateja wa majumbani hutanguliza nusu na kumalizia siku ya kufunga.

Mambo ya kodi sikuyajua tangu mwanzo. Kaka mkubwa wa mume wangu amesomea uhasibu, na nilipoandikisha biashara alijitolea kunisaidia. Yeye ndiye aliyenifungulia akaunti kwenye mfumo wa mamlaka ya kodi, akaweka namba yake ya simu na barua pepe yake, kwa kuwa wakati ule mimi sikuwa na barua pepe. Msimu wa ritani ukifika nampelekea daftari langu na mfuko wa risiti. Baada ya siku chache hunipigia: "Shemeji, tumemaliza, mwaka huu hulipi kitu." Nami humpa asante yake, ambayo tulikubaliana iwe sehemu ya kumi ya kodi aliyoniokolea. Anaihesabu mwenyewe.

Juzi nimepata jengo zuri la kuhamia, nikaenda benki kuomba mkopo. Ofisa mikopo alipitia taarifa ya akaunti yangu akaonekana kuridhika, kisha akaniomba ritani za miaka mitatu. Shemeji akanichapishia. Yule ofisa alizisoma moja baada ya nyingine, akavua miwani, akaniuliza: "Mama, hapa biashara yako imepata hasara miaka mitatu mfululizo. Mkopo utaulipa kwa fedha gani?"

Usiku ule nikakaa nazo. Kuna kodi ya pango la ghala; sijawahi kuwa na ghala. Kuna ada za ushauri wa kitaalamu ambazo sizijui. Matengenezo ya mashine yameandikwa kiasi kilekile miaka yote mitatu, hadi tarakimu ya mwisho. Kuhusu mauzo, nilijumlisha fedha zote zilizoingia benki mwaka jana, nikakuta kilichoandikwa kwenye ritani ni kama theluthi yake. Mwaka jana huohuo dada yangu alinikopesha fedha za vyerehani viwili, nazo zilipitia akaunti hiyohiyo, lakini hata nikiziondoa tofauti bado ni kubwa.

Nilipomuuliza shemeji alicheka. Akasema kila mtu anafanya hivyo, na mamlaka haina muda na mafundi cherehani. Akanipa na suluhisho: atanitengenezea hesabu nyingine "za benki", zenye faida ya kutosha, na rafiki yake mkaguzi atazigongea muhuri. "Benki na watu wa kodi hawaongei," akasema.

Mume wangu hataki kusikia habari hii. Baba yao alipofariki, kaka huyu ndiye aliyemsomesha. Aliniambia nikimwingiza kaka yake matatani, nisije kwake kulia. Yeye ni mwajiriwa, kodi yake inakatwa kabla hajaushika mshahara, kwa hiyo anaona mimi ndiye mwenye bahati.

Nimepiga hesabu kichwani. Nikizitoza kodi fedha zote zilizoingia miaka mitatu, na faini juu yake, itabidi niuze vyerehani vyote na bado nidaiwe. Barua kutoka mamlaka sijapata hata moja, hivyo najua hawajanishtukia. Je, nijisalimishe? Nichukue hesabu za shemeji nipate mkopo? Au ninyamaze, nianze kusema kweli mwaka huu? Mwenye jengo amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Fundi Mapazia

Jibu

Dada yangu Fundi Mapazia, pole sana. Najua si rahisi kukaa usiku na karatasi zenye jina lako ukizisoma kana kwamba ni za mtu mwingine.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni ritani ambazo sasa unajua hazisemi kweli. La pili ni mkopo unaodai faida ambayo ritani hizohizo zinaikana. La tatu, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, ni kwamba aliyezijaza ni mtu ambaye mumeo anamwona kama baba yake. Umeniuliza njia ipi kati ya tatu. Kabla ya kufika huko, niruhusu nirudi kwenye mambo mawili uliyoyasema kama yamekwisha kuthibitika. Mimi naona bado.

Hukutaja nchi uliko. Si neno, safu hii inasomwa kwingi. Nitashika yale yanayofanana karibu kila penye kodi ya mapato, na nikitoa mfano wa nchi nitaitaja jina.

Unasema hujapata barua, kwa hiyo hawajakushtukia. Lakini dada yangu, barua ingekufikiaje? Akaunti ilifunguliwa kwa namba ya shemeji na barua pepe ya shemeji. Siku hizi mamlaka nyingi hazitumi bahasha. Zinatuma ujumbe kwenye mfumo, au kwa simu na barua pepe zilizosajiliwa. Huenda hakuna kitu kabisa. Huenda pia kuna swali lililotumwa mwaka juzi na likajibiwa kwa jina lako, au halikujibiwa. Kwa sasa hujui, na sehemu kubwa ya uamuzi wako inaning'inia hapo, kwa sababu anayejitokeza kabla ya kufuatwa na anayejitokeza akiwa amekwisha kufuatwa hawatazamwi sawa. Ningekuwa wewe, hilo ningelijua kabla ya mengine yote. Akaunti ni yako na una haki ya kuiingia. Kwa kawaida mlipakodi akifika ofisini na kitambulisho chake anaweza kuomba namba ya simu na barua pepe vibadilishwe viwe vyake. Huhitaji kueleza zaidi ya hapo. Huhitaji pia kumtangazia shemeji, ingawa huenda mfumo ukamtumia taarifa kwamba namba yake imeondolewa, kwa hiyo uwe umejiandaa kwa simu yake.

Ukiingia, angalia ujumbe wote uliotumwa, ritani zote zilizowasilishwa na salio. Zichapishe au uzihifadhi mahali pako. Usifute wala kurekebisha chochote siku hiyo.

Jambo la pili ni ile hesabu ya kichwani inayokutisha. Umechukua fedha zote zilizoingia benki ukaziita mapato. Fedha iliyoingia benki si lazima iwe mauzo, na mauzo hayajawa faida. Mkopo wa dada yako si mapato. Ni deni, na ulifanya vema kuuondoa. Je, umeondoa pia fedha ulizozihamisha mwenyewe kutoka simu au mkononi kwenda benki, ambazo ulikwisha kuziandika kwenye daftari siku mteja alipolipa? Hizo watu wengi huzihesabu mara mbili. Vianzio vya kazi ambazo mwaka uliisha hujazishona navyo vinahitaji swali kwa mtaalamu: kuna nchi na mifumo inayohesabu fedha siku inapopokelewa, na mingine siku kazi inapokamilika.

Kisha zitoke gharama za kweli. Nichukue namba za mfano tu, zisizo za kwako. Tuseme umeuza 100. Vitambaa, bitana, pete, fimbo na uzi vimekula 55. Mafundi 15. Pango na umeme 8. Usafiri wa kwenda kupima na kufunga 4. Vyerehani navyo vinachakaa, na sheria nyingi hukuruhusu kukata sehemu ya bei yake mwaka hadi mwaka, tuseme 3. Jumla ya gharama ni 85, faida ni 15. Kiwango cha kodi kikiwa asilimia 20, kodi ni 3. Wewe kichwani umetoza 100 nzima, ukapata 20. Kati ya 3 na 20 ndipo vyerehani vyako vilipouzwa na kununuliwa tena usiku mzima.

Hapo sijagusa zile karatasi. Maofisi na nyumba za wageni wanaokukata asilimia kidogo wanakutoza kodi ya zuio, na karatasi wanazokupa ni vyeti vyake. Katika nchi nyingi makato hayo ni malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka, ingawa zipo aina za malipo ambazo makato ndiyo huwa kodi ya mwisho. Zitazame ritani zako uone kama shemeji alizidai. Mtu anayeandika hasara mara nyingi hajishughulishi nazo, kwa kuwa kudai kodi iliyozuiwa ni kukiri mauzo yaliyokatwa. Inawezekana sehemu ya deni unaloliogopa imekwisha kulipwa, na iko huko kwa jina lako ikisubiri kudaiwa.

Ila vyeti hivyo vina upande wa pili. Mteja akikata kodi ya zuio huiwasilisha kwa mamlaka pamoja na jina lako, namba yako ya mlipakodi na kiasi alichokulipa. Maana yake ni kwamba mamlaka tayari inazo namba za mauzo yako kwa maofisi, na inazo ritani zako, na siku mashine ikizilinganisha haitahitaji mtu mwenye muda na mafundi cherehani. Shemeji amesomea uhasibu. Hilo analijua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mikono, kabla ya kuchagua njia, ni kupata faida yako halisi ya kila mwaka kati ya hiyo mitatu. Chukua daftari, taarifa za benki na za simu, ankara za maofisi, vyeti vya zuio na risiti zilizobaki. Tenga ada za shule, chakula cha nyumbani na fedha ulizotoa kwa matumizi yako. Hizo si gharama za biashara. Hata "mshahara" unaojilipa, ikiwa biashara ni ya mtu mmoja na si kampuni, kwa kawaida hauhesabiwi kuwa gharama. Kumbuka vitambaa vilivyobaki rafuni mwisho wa mwaka, kwa sababu gharama ya mwaka ni ya vile vilivyotumika. Gharama ya kweli isiyo na risiti usiitupe. Iandike pembeni na ushahidi ulionao, muuzaji nani, tarehe gani, fedha ilitokaje. Ofisa anaweza kuikataa, maana mwenye jukumu la kuthibitisha ni mlipakodi, lakini anaweza pia kuikubali. Muulize mtaalamu kama biashara ya ukubwa wako ilistahili mfumo mwepesi wa wafanyabiashara wadogo. Tanzania wana kodi ya makadirio. Kenya wana kodi ya asilimia 3 ya mauzo kwa biashara zenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Katika mfumo kama huo wa Kenya gharama hazikatwi kabisa, kinachotazamwa ni mauzo.

Sasa njia zako.

Hesabu za benki. Naelewa mvuto wake, hasa mwenye jengo akiwa anasubiri. Niulize tu: zikitengenezwa, zitasainiwa na nani? Hadi usiku ule ulipozisoma ritani, ulikuwa mtu aliyemwamini mhasibu wake. Sheria nyingi za kodi hutofautisha aliyezembea na aliyekusudia, na historia yako inakuweka karibu na upande wa kwanza. Ukipeleka benki hesabu unazojua ni za uongo, hapo umekusudia, na kosa ni jipya, kwa sababu kumdanganya mkopeshaji ni kosa lake lenyewe mbali na kodi. Isitoshe, hesabu zenye faida zikikaa benki na ritani zenye hasara zikakaa kwa mamlaka, kila moja inakuwa ushahidi dhidi ya mwenzake. Na habari ya kwamba hawaongei si kweli kila mahali. Marekani, kwa mfano, mkopeshaji humsainisha mwombaji fomu ya 4506-C, ambayo humruhusu kupokea muhtasari wa ritani kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya huko, yenyewe. Hata hivyo kuna kitu cha ajabu kidogo ndani ya pendekezo la shemeji: huenda faida atakayoibuni ikakaribia ile ya kweli.

Kunyamaza na kuanza upya. Wengi huchagua hapa, na sitawaita wapumbavu. Kuanza kusema kweli ni bora kuliko kuendelea kudanganya, na huenda miaka ikapita bila mtu kuuliza. Lakini pima haya. Biashara iliyopata hasara miaka mitatu ikipata faida ghafla bila kubadilisha wateja inavuta jicho. Hasara za uongo huenda zimebebwa mbele kwenye ritani zinazofuata ili zipunguze faida ya baadaye, kwa hiyo hata ritani ya kweli ya mwaka huu inaweza kuanza na uongo wa mwaka juzi usipouondoa. Na ukiuondoa, umeonyesha palipokuwa na tatizo. Halafu kuna muda. Watu husema "baada ya miaka kadhaa inafutika." Ni kweli kwa makosa ya kawaida: Uingereza kikomo cha kawaida ni miaka 4, Marekani 3, Kenya 5. Pakiwa na kusudi, Uingereza wanaweza kurudi nyuma hadi miaka 20, na Marekani na Kenya kikomo hicho hakimlindi aliyefanya udanganyifu. Je, wewe ni mtu anayeweza kuishi na jambo hili likining'inia muda huo? Wapo wanaoweza. Barua yako hainionyeshi hivyo, lakini wewe unajijua.

Kujitokeza. Neno ulilotumia ni "kujisalimisha", kama mtu anayekwenda polisi na mikono juu. Mara nyingi jambo lenyewe ni kavu zaidi: kuwasilisha ritani zilizorekebishwa, maelezo ya kilichotokea, na ombi la kulipa kwa awamu. Kodi utalipa. Riba karibu kila mahali utalipa. Adhabu ndipo penye tofauti kubwa. Uingereza, aliyekosea kwa uzembe na akajitokeza mwenyewe anaweza asitozwe adhabu kabisa. Aliyekusudia akijitokeza mwenyewe adhabu huanzia asilimia 20 ya kodi iliyopotea. Akisubiri afuatwe, huanzia 35. Marekani adhabu ya udanganyifu ni asilimia 75 ya kodi iliyokwepwa kwa udanganyifu huo. Kenya, kuanzia Januari 2021 hadi Desemba 2023, waliendesha mpango wa kujitokeza kwa hiari: aliyefichua na kulipa mwaka wa kwanza alisamehewa adhabu na riba zote, mwaka wa pili nusu, mwaka wa tatu robo. Mipango ya namna hii huja na kupita, kwa hiyo uliza kama kwenu kuna iliyo wazi leo.

Hatari zake pia zipo. Ukishapeleka, huwezi kurudisha nyuma. Kurekebisha nusu, tuseme kuongeza mauzo na kuacha lile ghala, ni kubaya kuliko kunyamaza, maana sasa umesaini uongo ukijua. Na utaulizwa nani alijaza. Ndiyo sababu nakusihi usiende peke yako wala kuanza na barua uliyoandika usiku. Anza na mwanasheria wa kodi ikiwa unaweza kumpata, hata kwa mazungumzo ya saa moja ya kulipia, kwa kuwa katika nchi nyingi siri kati ya mteja na mwanasheria inalindwa kuliko ile ya mteja na mhasibu. Mhasibu wa kupiga hesabu anaweza kuja baadaye, awe amesajiliwa na asiwe ndugu. Mficha uchi hazai. Mbele ya mwanasheria huyo taja hata ya mafundi wako.

Ndiyo, mafundi wako. Umewataja kwa mstari mmoja ukapita. Mtu akiajiri, mara nyingi anatakiwa kukata kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii na kuiwasilisha kila mwezi. Huenda mishahara yao iko chini ya kiwango kinachotozwa, huenda ni vibarua, huenda hakuna deni lolote. Lakini kama lipo, mamlaka hulichukulia kwa uzito wa pekee, kwa kuwa ni fedha ya mfanyakazi iliyoishia kwa mwajiri. Lisije likakushangaza katikati ya mazungumzo mengine.

Nirudi kwa shemeji, nako nitakwenda taratibu. Sijui kama alikusudia mabaya. Inawezekana anaamini kwa dhati kwamba amewasaidia, kama anavyowasaidia wengine. Lakini yale makubaliano ya sehemu ya kumi hayakuwa mazuri kwenu wote wawili. Anayelipwa kwa kodi aliyoipunguza ana sababu ya kuipunguza hata pale isipostahili, na wewe, kila alipokupigia simu ya "hulipi kitu", ulikuwa na sababu ya kutouliza. Silisemi hilo kukulaumu. Nalisema kwa sababu huenda likakupa njia ya kuzungumza naye bila kumshtaki: "Shemeji, nimekua kibiashara, nataka mhasibu wa kudumu ofisini, naomba nyaraka zangu zote." Mwombe daftari, risiti na nakala za kila alichowasilisha. Mtaalamu akishauri ujitokeze, fikiri pia kama ni haki shemeji ajue mapema ili naye atafute mwanasheria wake. Mwulize mwanasheria wako kwanza, kwa sababu kuna hali ambapo kumwambia kunaweza kuharibu ushahidi.

Na mumeo. Umeniambia aliyoyasema, hukuniambia anachokijua. Amewahi kuziona zile karatasi tatu? Anajua jina lililo chini yake ni la mke wake, na kwamba deni likija linaweza kugusa nyumba anayolala? Kwake hadithi ni "unataka kumchoma kaka yangu." Pengine hajaisikia bado ile nyingine, kwamba mkewe anaweza kulipia maneno ya mtu mwingine. Sikwambii atabadilika. Mtu aliyesomeshwa na kaka yake ana deni la moyo ambalo hesabu zangu hazilifikii. Lakini mazungumzo ya "nisaidie nijue nadaiwa kiasi gani" ni mepesi kuliko ya "kaka yako ni mwongo," na kwa sasa la kwanza ndilo unalolihitaji. Kama yupo mzee au shangazi ambaye ndugu hawa wawili wanamsikiliza, huenda akafaa baadaye, namba zikishajulikana. Kabla ya hapo mtakuwa mnagombana juu ya kiasi ambacho hakuna anayekijua.

Kuhusu mwisho wa mwezi, tarehe hiyo imewekwa na mwenye jengo, haikuwekwa na sheria. Amekwisha kukukatalia kuongeza muda, au hujamwomba? Je, angekubali kianzio kidogo akushikie chumba? Unaweza pia kumrudia ofisa mikopo bila kueleza yote, ukamwambia ritani zako zinapitiwa upya na mtaalamu, ukamuuliza kama benki hukubali ritani zilizorekebishwa pamoja na taarifa ya akaunti, na kama kuna mkopo wa mashine ambao dhamana yake ni mashine yenyewe. Tayari ameziona karatasi, na swali alilokuuliza lilikuwa la haki.

Ukishaingia kwenye akaunti yako na kujua kilichomo, niandikie tena ukipenda, hata kwa mistari miwili. Kama umekuta ujumbe wowote wa mamlaka uliosubiri jibu, usiniandikie mimi kwanza. Mpigie mwanasheria siku hiyohiyo, na umsomee tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake.